Jinsi ya Kusoma Treni ya Mizigo: Mwongozo kwa Wakazi wa Changamwe, Miritini na Kwingineko Mombasa Bara

Matatu ya Likoni imeandikwa Likoni, na ya Bamburi imeandikwa Bamburi. Basi la Nairobi lina kibao na lina mpiga debe. Treni ya abiria nayo ina jina na ina saa yake. Treni ya mizigo haina hata kimoja katika hivyo. Hupita usiku au mchana, ndefu kama mkufu, wala hakuna anayetangaza imebeba nini na inakwenda wapi. Ratiba yake haibandikwi ukutani.

Hata hivyo treni hiyo imeandikwa kutoka kichwa hadi mkia, ila maandishi yake si ya kibao. Yako kwenye upana wa reli, kwenye umbo la mabehewa, kwenye herufi za makontena na kwenye vibao vidogo vya rangi. Anayejua kuyasoma ataweza kusema, bila kumuuliza mtu, kama mzigo ule unaishia Athi River, Embakasi, Naivasha au unavuka mpaka kuelekea Uganda.

Ulimwenguni wako watu waliofanya jambo hili kuwa burudani. Uingereza, tangu Ian Allan alipochapisha kijitabu chake cha kwanza cha namba za injini mwaka 1942, vizazi vya vijana na wazee wamekuwa wakisimama kando ya reli na daftari mkononi. Kwetu burudani hiyo ina wachache, lakini elimu yake inatufaa zaidi. Mji wetu unaishi kwa bandari, na treni ya mizigo ndiyo inayoonyesha kazi ya bandari inakwenda wapi baada ya meli kufunga gati. Sababu hiyo tutaieleza mbele. Kwanza tujifunze kusoma.

Tazama reli kabla ya treni

Mombasa bara, upande wa magharibi, kuna reli mbili, na kila moja ina safari zake.

Ya kwanza ni reli ya zamani. Ujenzi wake ulianza Mombasa mwaka 1896, ukafika Nairobi mwaka 1899 na Kisumu mwaka 1901. Inatoka kisiwani, inavuka Makupa, inapita Changamwe na Miritini, kisha inapanda Mazeras na Mariakani. Upana kati ya vyuma vyake viwili ni mita moja kamili. Sehemu kubwa imelazwa juu ya mataruma ya chuma, na vipande vyake vya reli vimeungwa kwa viungo. Ndiyo sababu treni ikipita husikia ule mdundo wa "ta-tam, ta-tam".

Ya pili ni reli mpya, SGR, iliyofunguliwa kwa abiria mwishoni mwa Mei 2017 na kuanza kazi ya mizigo Januari 2018. Upana wake ni mita 1 na milimita 435. Mataruma yake ni ya zege, reli yake imechomelewa ikawa kipande kirefu, na njia yenyewe imeinuliwa juu ya tuta au madaraja na kuzungushiwa ua. Sauti yake ni mvumo mrefu usio na mdundo. Mizigo yake hupangwa katika stesheni ya Port Reitz, na abiria hupandia Miritini.

Likoni na Kisauni hazina reli ya mizigo. Mzigo wa huko hutembea kwa lori. Hata madini ya titani ya Kwale, kwa miaka yote yalipochimbwa hadi mwisho wa 2024, yaliletwa Likoni kwa malori na kupakiwa melini huko huko.

Kujua reli ni hatua ya kwanza kwa sababu reli huamua treni inaweza kufika wapi. Treni ya SGR haiwezi kufika Malaba wala Kampala, kwani reli yake inaishia Naivasha. Treni ya reli ya zamani inaweza kufika Nakuru, Eldoret, Malaba na kuingia Uganda, au kugeukia Kisumu.

Inapanda au inashuka?

Treni inayotoka bandarini kwenda bara, mara nyingi, imebeba mzigo ulioagizwa kutoka nje: nguo, vipuri, ngano, chuma, mbolea, mitambo. Inayoshuka kuja pwani huleta vitu viwili: mzigo wa kuuzwa nje, kama chai, kahawa na magadi, na makontena matupu yanayorudi melini.

Nchi yetu hununua nje kuliko inavyouza, kwa hivyo treni inayoshuka huwa na makontena mengi matupu. Utayajua kwa njia mbili. Kwanza, sauti: debe tupu haliachi kuvuma, na kontena tupu juu ya behewa hutikisika na kulia. Pili, angalia springi za behewa juu ya magurudumu. Mzigo mzito huzibana, na behewa tupu hukaa juu juu.

Injini: tarakimu mbili za kwanza

Kwenye reli ya zamani, injini huandikwa namba ya tarakimu nne. Mbili za kwanza ni aina ya injini, mbili za mwisho ni nafasi yake katika kundi. Utaratibu huu ni urithi wa enzi ya Shirika la Reli la Afrika Mashariki. Yale majitu ya mvuke yaliyokuwa yakivuta mizigo kati ya Mombasa na Nairobi yalikuwa aina ya 59, yakapewa majina ya milima. Namba 5918, Mount Gelai, imehifadhiwa katika makumbusho ya reli Nairobi: aina ya 59, injini ya 18.

Kwa hesabu hiyo hiyo, ukiona 93 au 94 mwanzoni, hizo ni injini za dizeli zilizotengenezwa na General Electric ya Marekani. Aina ya 93 ililetwa miaka ya 1970 na ya 94 miaka ya 1980, na ndizo zilizozoeleka kwenye mizigo mizito ya njia kuu.

Kwenye SGR herufi ni DF, kifupi cha Dongfeng, maana yake kwa Kichina "upepo wa mashariki". DF8B ni ya mizigo, DF11 ni ya abiria, na DF7G ni ya kupanga mabehewa stesheni. Treni ndefu ya mizigo aghalabu huvutwa na DF8B mbili zilizofuatana. Ukiona DF7G inavuta mabehewa machache polepole, usiihesabu kuwa imeanza safari. Hiyo inapanga tu.

Umbo la behewa na mzigo wake

Hapa ndipo penye habari nyingi. Kuna maumbo matano ya kukumbuka.

*Behewa tambarare* ni sakafu isiyo na kuta. Hubeba kontena moja la futi 40 au mawili ya futi 20. Treni moja ya SGR inaweza kuwa na mabehewa 50 na zaidi ya aina hii, yaani zaidi ya makontena 100 ya futi 20. Ukiona makontena yamepandana ghorofa mbili, hiyo ni SGR bila shaka, maana reli ya zamani hubeba ghorofa moja tu.

*Behewa la wazi* lina kuta fupi na halina paa. Hubeba vitu visivyoogopa mvua, au vinavyofunikwa kwa turubai: klinka, makaa ya mawe, vyuma chakavu, marobota mazito ya chuma. Vumbi la kijivu kwenye kingo ni dalili ya klinka, ile malighafi inayosagwa ikawa saruji.

*Behewa lenye mdomo chini*, pana juu na jembamba chini, hupakiwa kutoka juu na kumwaga kwa chini. Ni la nafaka, au la magadi yanayotoka Ziwa Magadi.

*Behewa lililofungwa*, lenye paa na milango ya kuvuta ubavuni, ni la mifuko: mbolea, sukari, mchele, kahawa. Kabla ya kontena kutawala, hili ndilo lililokuwa behewa la kila kitu. Utaliona zaidi reli ya zamani.

*Behewa la tangi* hubeba kimiminika. Si kila tangi ni petroli. Mafuta ya kula yanayoshushwa Mombasa nayo husafiri kwa matangi. Tofauti utaiona kwenye kibao cha hatari, ambacho tutakifikia punde.

Mbona matangi ya mafuta si mengi kama mtu angetarajia katika mji ulioshusha mafuta ya nchi nzima? Kwa sababu tangu 1978 kuna bomba la kwenda Nairobi, na baadaye likaendelezwa hadi Eldoret na Kisumu. Mafuta mengi ya bara yanapita chini ya ardhi.

Mwisho, tazama herufi za ubavuni. Shirika la zamani la Afrika Mashariki lilipovunjika mwaka 1977, mabehewa yaligawanywa. KR ni Kenya, URC ni Uganda. Huenda pia ukakuta RVR, jina la kampuni iliyoendesha reli za nchi hizi mbili kuanzia 2006 hadi 2017. Behewa la URC linalopanda Mazeras mara nyingi linarudi kwao. Lakini herufi hizo ni za mwenye behewa. Usizifanye peke yake kuwa ushahidi wa mwisho wa safari.

Kontena: herufi nne na namba saba

Kila kontena la meli, popote duniani, lina jina la utambulisho linalofuata kanuni moja: herufi nne, kisha tarakimu sita, kisha tarakimu moja ya mwisho ndani ya kisanduku.

Herufi tatu za kwanza ni za mwenye kontena, na ya nne huwa U. MSKU ni Maersk. MSCU na MEDU ni MSC. CMAU ni CMA CGM. PCIU ni PIL. HLXU ni Hapag-Lloyd. OOLU ni OOCL. Ile tarakimu ya kisandukuni hupatikana kwa kukokotoa herufi na namba zote zilizotangulia. Karani akikosea herufi moja, hesabu hukataa na kosa hujulikana.

Chini yake kuna alama nyingine ya herufi na namba nne, na hiyo ndiyo yenye faida kwa msomaji wa treni. Mfano, 22G1: tarakimu ya kwanza 2 ni futi 20, ya pili 2 ni kimo cha kawaida, G ni mzigo wa kawaida. 45G1 ni futi 40, kimo kirefu. R badala ya G ni kontena la baridi, T ni tangi, U ni lisilo na paa. Kontena la baridi lina mashine ya kupoza upande mmoja, na safarini linahitaji umeme. Likiwa na baridi limebeba kitu kinachooza: matunda, samaki, dawa.

Herufi za kontena zitakuambia kampuni ya meli. Hazitakuambia Embakasi au Kampala, maana hilo limo kwenye hati za mzigo. Kontena la Maersk linaweza kwenda popote. Ndiyo maana wapenzi wa reli hawategemei dalili moja. Wanakusanya tatu au nne, kisha ndipo wanasema.

Vibao vya hatari

Mzigo wa hatari huwekewa alama ya umbo la almasi, na mara nyingi namba ya Umoja wa Mataifa ya tarakimu nne. Kariri hizi chache: 1203 petroli, 1202 dizeli, 1223 mafuta ya taa, 1863 mafuta ya ndege, 1075 gesi ya kupikia, 1942 ammonium nitrate, ambayo hutumika kwa mbolea na kwa baruti. Mafuta ya kula hayana kibao hiki.

Namba hizi ni uhai wa watu. Sachang'wan mwaka 2009 lori la petroli lilipinduka, watu wakaenda kuchota, moto ukaua zaidi ya 100. Sinai, Nairobi, mwaka 2011, bomba la mafuta lilivuja, na waliokufa walipita 100 vilevile. Ukiona tangi lenye 1203 linavuja, iwe ni behewa au lori, ondoka upande upepo unakotoka, wakataze watoto, zima jiko na sigara, kisha piga 999 au 112 na uisome ile namba. Wazima moto wakijua namba, wanajua waje na nini.

Kutoka mzigo hadi mwisho wa safari

Sasa unganisha dalili.

*SGR, mabehewa ya wazi yenye klinka, inapanda:* fikiria Athi River, penye viwanda vya saruji.

*SGR, makontena yenye mali, inapanda:* jibu ni mojawapo kati ya mawili. Mzigo wa Nairobi na vitongoji vyake hushushwa bandari kavu ya Embakasi. Mzigo wa Uganda, Rwanda, Sudan Kusini na Kongo unaosafiri kwa SGR hupelekwa bandari kavu ya Naivasha, iliyofunguliwa baada ya reli kufika huko mwaka 2019. Kutoka Naivasha huendelea kwa lori, au kwa reli ya zamani kupitia kipande kifupi kilichojengwa kuunganisha njia mbili hizo pale Longonot.

*Reli ya zamani, mchanganyiko wa mabehewa, mengine ya URC, inapanda:* fikiria Malaba, kisha Tororo, Jinja na Kampala.

*Reli ya zamani, matangi yenye kibao, inapanda:* Kisumu ni mojawapo ya majibu. Huko kuna MV Uhuru, meli inayobeba mabehewa mazima kuvuka ziwa hadi Port Bell, Uganda. Ilirudi kazini mwaka 2019 baada ya kukaa miaka mingi, na mafuta ndiyo mzigo wake mkubwa.

*Reli ya zamani, mabehewa yenye mdomo chini na vumbi jeupe, inashuka:* hayo ni magadi. Yametoka ziwani kwa tawi la reli la Konza, yanakwenda Kilindini kupakiwa melini. Magadi ya Kenya huenda kutengeneza vioo na sabuni nchi za mbali, na yamepita Changamwe kwa zaidi ya miaka 100.

Tuchukue mfano. Umesimama mahali pa wazi Miritini, treni yatoka upande wa bandari. Haina mdundo, njia ina ua: ni SGR. Injini mbili za DF8B: ni safari ndefu. Makontena ya ghorofa mbili, mengi 45G1, springi zimebana: mzigo wa nje, umejaa. Jibu: Embakasi au Naivasha. Bado hujui ni lipi, lakini tayari umeondoa Athi River, Malaba na Kisumu kwa dakika tatu.

Kwa nini jambo hili ni letu

Agosti 2019 Halmashauri ya Bandari na Mamlaka ya Ushuru zilitoa agizo kwamba mizigo yote ya kwenda Nairobi na bara ipakiwe SGR na kutolewa ushuru huko juu. Changamwe, Miritini hadi Mariakani, watu waliona kwa macho maana yake: malori yamelala, mabohari ya makontena yamepungua kazi, na pamoja nayo madereva, matingo, fundi wa pancha, mawakala na mama wa mahamri wa alfajiri. Watu wakaandamana Jumatatu baada ya Jumatatu. Novemba 2020 Mahakama Kuu ya Mombasa ikaamua kuwa agizo lile lilikiuka Katiba. Septemba 2022, siku alipoapishwa, Rais William Ruto akatangaza kuwa kazi ya kutoa mizigo inarudi Mombasa.

Katika miaka yote hiyo kila upande ulikuwa na idadi yake: waliosema reli inameza bandari, na waliosema malori bado yana kazi tele. Mkazi wa kawaida alibaki kuamini aliyesema kwa sauti kubwa. Na wahenga walisema, usisafirie nyota ya mwenzio.

Vijana watano wa mtaa mmoja, wakigawana zamu na kuandika kwa mwezi mzima, watakuwa na jambo ambalo mikutano mingi ya hadhara haikuwa nalo: treni ngapi zimepanda, ngapi zimejaa, ngapi ni za makontena na ngapi za klinka, reli ya zamani imepata nini. Kila kontena la futi 40 linalopanda SGR ni safari ya lori ambayo haikuanzia Changamwe. Pengine ni nafuu kwa barabara, na ajali zinapungua. Pengine ni mkate wa mtu. Vyovyote utakavyoamua, amua ukiwa na hesabu yako mwenyewe.

Daftari halihitaji mengi. Andika tarehe, saa, reli ipi, inapanda au inashuka, injini, idadi ya mabehewa kwa umbo, makontena kwa futi, imejaa au tupu, vibao vya hatari. Kisha andika unachodhani ni mwisho wa safari, na dalili zilizokufanya udhani hivyo. Ukizoea, mstari mmoja watosha kwa treni moja.

Simama pazuri

Usiingie ndani ya ua wa SGR na usitembee juu ya reli ya zamani. Treni iliyojaa haiwezi kusimama ghafla hata dereva akikuona. Usipande behewa lililosimama, kwani huondoka bila honi kukusubiri. Bandari na vituo vya mafuta ni maeneo yanayolindwa kisheria, kwa hivyo usielekeze kamera huko, na askari akikuuliza, mwoneshe daftari na umjibu kwa adabu. Njia za umma, mahali palipoinuka na stesheni ya abiria zinatosha. Macho hayana pazia, na unayoyahitaji yameandikwa kwa herufi kubwa ubavuni mwa behewa.